Tulinunua kila kitu wakati wa korona, sasa malipo ya kila mwezi yanatumaliza

Kaka mshauri, habari za kazi.

Naomba unisaidie maana mimi na mdogo wangu wa kiume tumefika mahali hatuongei vizuri, na chanzo ni hela za programu. Tuna biashara ya kuuza na kutengeneza fanicha za ofisi, meza, viti, makabati, wazazi wetu walituachia na sisi tukaikuza. Kabla ya korona tulikuwa na wafanyakazi 16. Kwa upande wa teknolojia tulikuwa na kompyuta chache za mezani, seva moja ya zamani stoo, na Excel, basi. Katika kila mia iliyoingia labda tatu ndo zilienda huko na hakuna aliyelalamika.

Halafu ikaja 2020, ofisi zikafungwa ndani ya siku chache, na wateja wetu ndo hizo ofisi. Mimi ndo niliyesema tusikae tu, tununue tunachohitaji tufanye kazi tukiwa nyumbani. Nikanunua laptopu 10 kwa bei yoyote niliyotajiwa maana zilikuwa hazipatikani, nikalipia programu ya vikao vya video, ya kuchati kazini, ya kuhifadhi mafaili, ya kupanga kazi, ya kusaini mikataba bila karatasi, uhasibu wa mtandaoni, duka la mtandaoni, roboti ya kujibu wateja kwenye tovuti, na ile programu inayopiga picha skrini ya mfanyakazi kila baada ya muda kuona kama kweli anafanya kazi. 2021 tukaongeza mfumo mkubwa wa kutunza taarifa za wateja. Zingine zinakatwa kwenye kadi yangu, zingine kadi ya mdogo wangu, zingine ya kampuni, na kusema kweli sijui jumla yake.

Sasa hivi tumebaki 9, wote tumerudi ofisini isipokuwa wawili wanaofanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Katika kila mia inayoingia, kama 11 zinaenda kwenye teknolojia. Mdogo wangu anataka tufute zote turudi kwenye Excel na daftari. Mimi siwezi, kwa sababu oda karibu 4 kati ya 10 zinaingia kupitia duka la mtandaoni, na pia naogopa, janga lingine likija tutakuwa uchi. Tuligombana akaniambia nimekula hela ya wazazi kwa sababu ya uoga. Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Kuna mengine matatu. Kijana aliyetutengenezea duka la mtandaoni aliacha kazi mwaka jana, na akaunti pamoja na jina la tovuti viko kwenye barua pepe yake binafsi. Laptopu zile za 2020 zimekuwa nzito na fundi anasema Windows yake haipati tena masasisho. Na muuzaji wa ule mfumo wa wateja ananipigia kila siku nisaini mkataba wa miaka mitatu kwa punguzo, mkataba wa sasa unajirudia wenyewe tarehe 30 mwezi ujao na unasema tukitaka kuacha tutoe taarifa siku 30 kabla.

Nilikosea? Na tukate nini tuache nini?

Dada mwenye stetimenti tatu

*

Dada yangu, pole sana. Nianze na hilo neno la mdogo wako maana naona ndo limekukaa moyoni kuliko hata hizo hela.

Hukula hela ya wazazi. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, walitangaza kwamba korona ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na kuanzia hapo kila mwenye biashara aliamua akiwa hajui kama mwezi unaofuata atakuwepo. Zoom peke yake, wale wa vikao vya video, walitoka kwenye washiriki wa vikao milioni 10 kwa siku Desemba 2019 wakafika milioni 300 Aprili 2020. Hao wote hawakuwa na muda wa kulinganisha bei wala kusoma mkataba. Biashara yako ilikuwa inauzia ofisi, ofisi zimefungwa, na leo bado ipo, watu 9 wanapata mshahara na oda 4 kati ya 10 zinaingia kupitia kitu ulichonunua wewe kipindi kile. Hayo mdogo wako anatakiwa ayasikie kabla hamjafungua faili lolote.

Na ukitaka kujua kwamba kukadiria vibaya kipindi kile halikuwa tatizo lako peke yako, waangalie Shopify, kampuni ambayo kazi yake yote ni maduka ya mtandaoni. Julai 2022 walipunguza karibu asilimia 10 ya wafanyakazi, na mkuu wao Tobi Lütke akaandika waziwazi kwamba waliamini manunuzi ya mtandaoni yameruka mbele kwa miaka mitano au hata kumi na yatabaki huko juu, na dau hilo halikulipa. Zoom wenyewe Februari 2023 waliachisha watu kama 1,300. Hawa wana wachambuzi wa kila aina na bado walidhani hali ya 2020 ndo hali ya kudumu. Wewe ulikuwa na simu, kadi ya benki na wafanyakazi 16 wanakuangalia.

Kosa lako, kama tunataka kuliita kosa, ni la baadaye. Ulinunua wakati wa dharura, ambayo ni sawa, halafu dharura ikaisha na hakuna aliyerudi kukagua. WHO waliondoa hali ya dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Nakuuliza, mwezi ule kuna siku mlikaa mkasema haya, tulivyonunua kwa ajili ya korona sasa tuvipitie? Najua hamkukaa, maana biashara nyingi ninazozijua hazikukaa.

Ngoja nikueleze kilichotokea kwenye hela zenu maana bila kukielewa mtakata ovyo. Watu wanadhani janga liliongeza tu matumizi ya teknolojia. Si hivyo, lilipunguza na kuongeza kwa wakati mmoja. Mei 2020 kampuni ya utafiti ya Gartner ilitabiri matumizi ya teknolojia duniani yatashuka kwa asilimia 8 mwaka ule, kwa sababu watu walisimamisha miradi mikubwa, seva mpya, mifumo mipya, yote ikawekwa pembeni. Lakini ndani ya utabiri huohuo huduma za kulipia za mtandaoni zilitarajiwa kukua kwa asilimia 19 na za vikao vya video kwa 24 hivi. Yaani mtu aliogopa kutoa hela kubwa mara moja, akawa anatoa hela ndogondogo kila mwezi bila kuogopa. Na kwa biashara ndogo hilo lilikuwa na akili kabisa wakati ule, kwa sababu hujui kesho, hutaki kufunga hela yako kwenye mashine ya stoo.

Tatizo ni kwamba zamani kununua seva mlikuwa mnakaa, wewe na mdogo wako na pengine mzee mwenyewe akiwepo, mnajadili, mnalipa mara moja, mnaiona ipo pale. Hizi za mwezi hazijadiliwi. Mtu mmoja anaweka namba ya kadi usiku, asubuhi ipo, na miaka mitano baadaye bado inakata. Hakuna siku hata moja inayokuja kukuuliza je bado unaitaka. Ndo maana kutoka 3 mmefika 11 bila mtu kukaa akaamua iwe 11.

Haya sasa, kabla ya kukata chochote kuna jambo la hatari kuliko yote uliyoandika na wewe umeliweka kwenye mengineyo. Hilo la kijana aliyeondoka na akaunti. Dada yangu, karibu nusu ya oda zako zimekaa kwenye barua pepe ya mtu ambaye si mfanyakazi wako. Sisemi ni mtu mbaya, inawezekana ni kijana mzuri kabisa, lakini jina la tovuti linalipiwa kila mwaka na taarifa ya kulipia inaenda kwake, akiipuuza siku moja jina linaisha muda, duka linapotea, na mwingine anaweza kulinunua. Au yeye mwenyewe akaibiwa paswedi, na mwizi akajikuta ndani ya duka lenu. Kipindi cha korona akaunti nyingi zilifunguliwa kwa haraka namna hiyo, paswedi moja watu watano, na wezi walilijua hilo. Aprili 2020 Google walisema wanazuia barua pepe za utapeli na virusi zenye habari ya korona milioni 18 kila siku, kwenye Gmail tu.

Mpigie leo. Mpigie kwa heshima, mshukuru kwa kazi aliyofanya maana kweli aliifanya, muombe mkae saa moja, ana kwa ana au kwa video, ahamishe umiliki wa jina la tovuti, akaunti ya duka, na akaunti inayopokea malipo ya wateja. Msihamishie kwenye barua pepe yako binafsi wala ya mdogo wako, fungueni barua pepe ya kampuni ambayo nyie wawili mnaingia. Muwe wasimamizi wawili kila mahali, asiwe mmoja. Halafu badilisheni paswedi zote, wekeni ile namba ya pili ya uthibitisho, na angalieni namba ya simu ya kurejesha akaunti maana watu wanabadilisha paswedi wanasahau kwamba simu ya kurejesha bado ni ya yule wa zamani. Kama itabidi umlipe kidogo kwa muda wake, mlipe.

Hilo likiisha ndo mnakuja kwenye stetimenti. Chukueni za kadi zote tatu, za miezi 13. Nasema 13 kwa sababu kuna vitu vinakata mara moja tu kwa mwaka, na ukichukua miezi michache hutaviona kabisa, halafu vinakushtua baadaye. Kaeni wawili na daftari, hilohilo analolipenda mdogo wako, muandike kila kinachokatwa, na mbele ya kila kimoja mjibu nani anakifungua, mara ya mwisho kilifunguliwa lini, na kikizimwa Jumatatu asubuhi nini kinasimama. Hilo la mara ya mwisho usimuulize mtu mdomoni, watu huwa wanasema natumia sana. Ingia upande wa msimamizi, programu nyingi zinaonyesha tarehe kila mtumiaji alipoingia mara ya mwisho. Utakuta vingine havijafunguliwa tangu 2022.

Na kitu cha kwanza utakachokiona nakuambia mapema ni nafasi za watu walioondoka ambazo bado mnazilipia kwenye programu. Hizi programu nyingi zinatoza kwa kichwa. Mlikuwa 16, mko 9. Sitashangaa ukikuta programu tatu au nne bado zinatoza vichwa 16, yaani mnalipia watu saba ambao hawapo. Mbali na hela, hao saba bado wana mlango wa kuingia kwenye mafaili yenu. Wafungieni, hifadhini kwanza kazi zao na barua pepe zao mahali pa kampuni, ndo mpunguze idadi.

Baada ya hapo tafuteni vinavyofanya kazi moja. Wewe una programu ya vikao, ya kuchati, ya kuhifadhi mafaili na ya kupanga kazi, zote tofauti, kwa sababu 2020 kila shida ilipojitokeza ilinunuliwa dawa yake. Kama barua pepe za kampuni mnazilipia kwa Microsoft au Google, mara nyingi kwenye kifurushi kilekile vikao vya video vimo, kuchati kumo, kuhifadhi mafaili kumo. Angalieni kifurushi chenu hasa kina nini, maana vinatofautiana. Kama vimo, basi tatu kati ya nne zinaweza kuondoka na watu 9 wanaokaa jengo moja wasihisi tofauti baada ya wiki mbili. Ya kusaini mikataba angalia mmesaini mingapi mwaka jana, kama ni miwili mitatu kwa mwezi kuna vifurushi vidogo zaidi. Roboti ya kujibu wateja mimi ningeiondoa, anayenunua meza 20 za ofisi anataka kuongea na mtu.

Ile ya kupiga picha skrini za wafanyakazi naomba uiondoe bila hata kusubiri hesabu. Najua ulikuwa na hofu, watu wapo nyumbani, huwaoni, mishahara inatoka. Waajiri wengi waliinunua kipindi kile kwa hofu hiyohiyo. Lakini sasa mko chumba kimoja, na picha hizo zimejaa paswedi zao, mazungumzo yao na watoto wao, na taarifa za wateja wenu. Zikivuja ni wewe utakayewajibika. Waite, waambie kuanzia leo imeondolewa na picha za zamani zimefutwa. Wamekaa nanyi katika kipindi kigumu kuliko vyote, hawastahili kuwindwa.

Vya kubaki. Uhasibu wa mtandaoni unabaki, hapo mdogo wako sikubaliani naye hata kidogo. Daftari likiungua limeungua. Duka la mtandaoni linabaki, na sehemu ya hela mtakayookoa ningeirudisha hukohuko, picha nzuri za bidhaa, bei sahihi, stoo isomane na duka mteja asinunue kiti ambacho hakipo. Na bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yenu, inabaki, tena kama haipo muianzishe. Watu wanachanganya, wanadhani faili likiwa mtandaoni basi lina bakapu. Si lazima. Mfanyakazi akifuta kwa bahati mbaya, au virusi vya kufunga mafaili vikiingia kwenye laptopu moja, mabadiliko hayo yanasambaa mpaka kule mtandaoni. Mafundi wana kanuni ya zamani nzuri, nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae nje ya ofisi. Na mara moja moja jaribuni kurudisha faili muone kweli linarudi.

Mnapokata msikate kwa hasira. Kabla hamjafunga programu yoyote toeni data zenu zote mziweke kwenye mafaili ya kawaida yanayofunguka kwenye Excel au PDF. Kuna watu walifunga wakagundua baadaye ankara za miaka minne zilikuwa mle, na kumbukumbu za kodi sheria inataka zitunzwe miaka kadhaa. Mkate moja au mbili, msubiri wiki mbili, muone nani anapiga kelele. Na usidhani ukifunga kadi umefunga mkataba, hapana, kadi ikikataa deni linaendelea kuandikwa kule, sitisha kwa njia wanayotaka wao na utunze uthibitisho. Malipo yatakayobaki yahamie yote kwenye kadi moja ya kampuni.

Kuhusu laptopu fundi wako yuko sahihi, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini hiyo haina maana mtupe zote 10. Windows 11 inapatikana bure kama mashine inakidhi vigezo, kwa zile za Intel prosesa iwe ya kizazi cha nane kuendelea, na iwe na TPM 2.0, kile kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta, na laptopu nyingi zilizotengenezwa 2019 na 2020 zinakidhi. Kwa kuwa ulinunua zilizokuwepo tu, inawezekana zako zimechanganyika. Mwambie fundi azipime moja moja. Zinazokidhi, kuongeza memori na kuweka diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, kama zilikuwa na ile ya kuzunguka kunaweza kukupa miaka mingine. Mko 9 hata hivyo, hamhitaji 10. Zisizokidhi badilisheni tatu mwaka huu, tatu mwakani, msinunue zote siku moja tena. Kitu kilichonunuliwa siku moja kinazeeka siku moja, na sasa hivi unalipa madeni ya mwezi mmoja wa 2020. Dunia nzima ilikuwa hivyohivyo, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya IDC kompyuta zilizouzwa 2021 zilikuwa kama milioni 349, mwaka uliofuata zikashuka mpaka kama milioni 292, kwa sababu kila aliyehitaji alikuwa ameshanunua.

Sasa hofu yako ya janga lingine. Hii naiheshimu, tena naomba mdogo wako naye aiheshimu, aliyepitia 2020 akiwa na mishahara ya watu 16 kichwani ana haki ya kuogopa. Ila nadhani unajiandaa kwa kitu kisicho sahihi. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2020 watafiti waliwauliza wafanyabiashara wadogo zaidi ya 5,800 wa Marekani hali zao. Asilimia 43 walikuwa wamefunga kwa muda, na kati ya wale wenye matumizi ya zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi, nusu yao walikuwa na hela taslimu za kama wiki mbili au chini ya hapo. Wiki mbili dada. Ukiwa hapo hata uwe na programu 30 unaanguka, maana programu haimlipi mtu mshahara.

Ni kweli teknolojia iliwasaidia wengi, OECD, shirika la nchi nyingi zilizoendelea kiuchumi, walikusanya tafiti wakakuta mpaka asilimia 70 ya biashara ndogo na za kati ziliongeza matumizi ya teknolojia kwa sababu ya janga, na wewe ni shahidi kwamba duka la mtandaoni liliwaokoa. Lakini angalia jambo hili, karibu vyote ulivinunua ndani ya wiki tatu nne. Vingi vya hivyo ukivihitaji tena utavipata siku hiyohiyo, havihitaji kukaa miaka mitano vikikukata ndo viwe tayari. Usichoweza kununua kwa wiki tatu ni akiba, ni wateja waliozoea kuagiza mtandaoni, ni watu wanaojua kufanya kazi wakiwa mbali, na data zenu zikiwa mikononi mwenu. Hivyo ndo vya kutunza. Kwa hiyo hela mtakayookoa, kabla haijayeyuka, nusu yake iende moja kwa moja kwenye akaunti ya akiba ya dharura mpaka mfike mishahara na kodi ya jengo ya miezi mitatu. Na mara moja kila miezi mitatu chagueni siku moja wote mfanye kazi kutoka nyumbani, oda ziingie, ankara zitoke, simu zipokelewe. Kitakachokwama siku hiyo ndo mnachohitaji kununua, na kama hakuna kilichokwama utalala vizuri kuliko ukiwa na malipo ya programu zote hizo.

Kwa mdogo wako, mpe yeye kazi ya kutunza orodha. Namaanisha awe ndo mwenye daftari la kila kinacholipiwa, tarehe kinapojirudia, na kitu kipya kisinunuliwe mpaka nyote wawili mmesaini hapo. Yeye ameona kweli kwamba 11 ni nyingi, wewe umeona kweli kwamba oda zinatoka wapi, na mkikaa na namba moja mbele yenu mtabishana juu ya namba, hamtabishana juu ya nani mwoga. Ukiwa tayari mwambie pia kwamba lile neno lilikuumiza. Usimwambie siku ya hesabu, mtafutie siku nyingine.

Nimebakiza mkataba wa miaka mitatu makusudi. Usisaini. Punguzo lina maana yake, siwezi kukuficha, bei za hizi huduma zinapanda, Microsoft kwa mfano walipandisha bei za programu zao za ofisi Machi 2022 baada ya kukaa karibu miaka kumi bila kuzigusa kwa kiasi hicho, kwa hiyo kuna wanaofaidika kwa kufunga bei. Ila wewe umetoka watu 16 mpaka 9, huwezi kuahidi idadi ya vichwa vya miaka mitatu ijayo. Na kwa watu 9 sina hakika kama mnauhitaji mfumo mkubwa hivyo, pengine taarifa za wateja zinaweza kukaa ndani ya duka la mtandaoni au kwenye uhasibu. Kama mtaona mnauhitaji, uwe wa mwaka mmoja, vichwa 9, na haki ya kupunguza katikati, iandikwe kwenye mkataba.

Lakini tazama kalenda. Unajirudia tarehe 30 mwezi ujao na wanataka siku 30, maana yake una wiki chache tu, na ukipitisha umefungwa mwaka mwingine bila kujadiliana na mtu. Kutoa taarifa hakukulazimishi kuondoka, mnaweza kuongea nao baadaye na kwa kawaida ndo hapo bei inashuka. Kwa hiyo barua iandike jioni hii, sentensi mbili zinatosha, kwamba hamtaki mkataba ujirudie wenyewe na mnaomba wathibitishe kwa maandishi. Itume kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, usimpe muuzaji kwa simu, na nakala mpelekee mdogo wako.